Mama Polepole wa Jumapili

Kwa miaka kumi na tisa Marceline Kabamba alijulikana Likasi nzima bila mtu kumwona. Alikuwa telefoniste wa kampuni ya shaba. Alikaa katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ofisi za wakubwa, mbele ya meza iliyojaa matundu na nyaya. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kiwanda na hospitali, hospitali na gereji, mkurugenzi na mkewe, na mara nyingine, kwa heshima ileile na bila swali, mkurugenzi na mwanamke mwingine. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu, kama ya mtu anayemlaza mtoto. Kabla ya kuunganisha alisema kila mara maneno matatu ya Kifaransa aliyofundishwa siku ya kwanza ya kazi: "Ne quittez pas." Yaani usikate, ngoja hapohapo. Aliyasema hata kwa waliomtukana. Hao hasa.

Waliomsikia walimwazia msichana mwembamba mwenye shingo ndefu. Wahandisi wawili walimtongoza kwenye waya kwa miaka mingi, na mmoja wao alikutana naye kila asubuhi getini bila kumsalimu. Marceline alikuwa mama wa watoto watano, mnene wa kutosha, miguu imevimba kwa kukaa, na mumewe Philippe Kalenga alikuwa fundi mitambo asiyependa simu.

Kisha ikaja miaka ile. Mtu wa Likasi hahitaji kuelezewa, na asiye wa Likasi hataamini. Maduka yaliporwa mwaka wa tisini na moja hadi milango ikabebwa. Mishahara ikawa inachelewa, halafu ikawa haiji. Nyaya za simu nazo zilikuwa za shaba, na shaba ndicho kitu pekee ambacho mji wetu unajua kuuza. Watu wakazichimbua ardhini, kipande kwa kipande, mtaa kwa mtaa. Kufikia mwaka wa tisini na tatu meza ya Marceline ilikuwa na matundu mia mbili na laini tatu zinazopumua. Moja iliishia kwa mlinzi wa geti, ambaye alipiga asubuhi na mchana kuuliza saa ngapi.

Marceline aliendelea kwenda kazini. Alivaa blauzi nyeupe, akafuta vumbi kwenye matundu, akakaa. Alikuwa akisikiliza ukimya kwa umakini wa kikazi.

Siku moja taa ya laini ya mlinzi ikawaka na haikuwa saa ya kuuliza saa. Mtu alikuwa getini, anaomba Lubumbashi.

"Ne quittez pas," alisema Marceline, akaanza kutafuta Lubumbashi.

Lubumbashi haikupatikana. Alijaribu dakika ishirini, na kila baada ya muda alirudi kwa yule mtu kumwomba asikate, na yule mtu hakukata. Mwishoni alimwambia kwa masikitiko kwamba njia imekufa. Mtu yule hakulalamika. Aliuliza tu chumba chake kiko wapi, na baada ya robo saa alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anatazama chumba kizima kana kwamba anatafuta mtu mwingine.

"Ni weye unasemaka vile?" aliuliza.

"Ni minye, papa."

"Sema tena."

Huyo alikuwa Octave. Zamani aliendesha mashine ya sinema katika kambi za wafanyakazi, akionyesha filamu kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mashine ilipokufa alianzisha kundi la maigizo kwa ajili ya kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa kimefunguliwa mjini, vyumba viwili na kamera moja. Hakuna mtu katika kundi lile aliyekuwa amesomea uigizaji. Gaston, aliyeigiza chifu, alikuwa mpima malori ya mawe kwenye mizani ya kiwanda; alipewa uchifu kwa sababu bado alikuwa na kitambi, jambo adimu mwaka ule. Askari jela mmoja aliigiza mapadri tu, maana alikuwa na uso wa huruma. Bibi harusi wa kila mchezo alikuwa muuza samaki wakavu. Wote walikuja kwenye televisheni kwa njia moja: kazi yao ya kwanza ilikuwa imewaacha njiani.

Mama mkwe wa kundi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Suzanne. Alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akazaa Likasi. Lakini baba yake alitoka Kasai, ambako Suzanne hakuwahi kukanyaga, na katika miaka ile ikaamuliwa barabarani kwamba watu kama yeye warudi kwao. Familia yake ililala kwenye kituo cha treni miezi miwili, kati ya masufuria na magodoro, pamoja na maelfu ya wengine. Octave alienda kumwona akiwa na mikate kwenye mfuko. Suzanne alipokea mikate, akafungua sanduku, akatoa kitenge cha kijani alichovaa katika maigizo.

"Hii ni ya kundi," alisema. "Mupe mwenye atakuya."

Octave alitusimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara aliishia kwenye kitenge. Treni iliondoka. Kundi lilibaki na kitenge na halikuwa na mama mkwe.

Marceline alikubali kujaribu. Alisema mwenyewe kwamba alikubali kwa sababu ya aibu tu, kwa kuwa hakuweza kumpatia Lubumbashi.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Octave alimtaka afanye kama mama wakwe wa michezo yote: apige kelele, apige makofi, atupe sufuria. Marceline hakuweza. Miaka kumi na tisa alikatazwa kupandisha sauti, na sauti haikujua tena njia ya kupanda. Alitupa sufuria kwa upole, halafu akaliokota. Gaston aliondoka kwenda kuvuta sigara.

"Basi acha," alisema Octave, amechoka. "Sema sawa unasemaka ku kazi."

Marceline alikaa chini karibu na muuza samaki, yule bibi harusi. Akamshika mkono. Akafuta sahani kwa ncha ya kitenge cha kijani, akaonja mboga ya sombe, akatabasamu, akatoa kichupa mfukoni na kumwaga kilichomo kwenye sahani kwa utulivu wa mtu anayetia chumvi.

"Ne quittez pas, mutoto yangu," alisema. "Kula kwanza."

Hakuna aliyecheka. Gaston alisimama mlangoni, sigara inamchoma vidole.

"Minye naogopa," alisema.

Wakamwita Mama Polepole. Mchezo ulirushwa Jumapili saa tisa alasiri, umeme ukiwepo, na ajabu ni kwamba saa ile umeme ulikuwepo mara nyingi. Mtu mwenye televisheni mtaani kwetu Kikula aliitoa uani na kuiweka juu ya meza; mtaa mzima ukakaa chini. Mimi niliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Marceline, nilikuwepo uani siku ile ya kwanza. Marceline mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu. Alipoanza kumwaga dawa kwenye sombe, waliokaa karibu naye walisogea. Hawakukusudia. Walisogea tu.

Kuanzia Jumatatu maisha yake yakabadilika, na si kwa namna ambayo mtu angetegemea kutoka kwenye umaarufu. Sokoni wauzaji walimhudumia haraka ili aondoke. Majirani waliokuja kuomba moto walisimama nje ya kizingiti. Alipowapa wageni maji, walisema wamekunywa walikotoka. Watoto walimfuata kwa mbali wakipiga kelele "Ne quittez pas!" halafu wakakimbia hadi viatu vikawavuka. Kanisani, wakati wa kupeana amani, aligeuka kushoto akakuta benchi tupu, akageuka kulia akakuta mzee mmoja kipofu, ambaye alimpa mkono kwa furaha.

Padri alijaribu kusaidia. Alisema katika mahubiri kwamba tusichanganye mtu na sanamu yake. Baada ya misa alimwita Marceline pembeni na kumuuliza, kwa sauti ndogo, kama yule bibi harusi atapona Jumapili ijayo.

Mumewe Philippe alichukua jambo hilo kwa ubishi. "Minye njo nakulaka chakula yake kila siku," aliwaambia wanaume waliokuwa wanalima naye mahindi nje ya mji, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimemwachia muda wa kulima. "Munaona nimekufa?"

"Hapana," alijibu mmoja. "Lakini ule mama anafanyaka polepole."

Kundi halikulipwa pesa. Mtengenezaji mmoja wa sabuni aliyetangaza bidhaa zake kabla ya mchezo aliwapa vipande vya sabuni, na kwa hiyo mwanamke aliyeogopwa kuliko wote Likasi alikuwa pia msafi kuliko wote. Kampuni ilimwambia abaki nyumbani kwa muda, na muda ule haujaisha hadi leo. Niliwahi kumuuliza kwa nini haachi maigizo. Alikuwa anapembua mchele, hakuinua kichwa.

"Ile miaka yote bantu bananisikiaka tu," alisema. "Sasa bananiona."

"Banakuona mubaya."

"Eeh. Lakini bananiona."

Mtoto wake wa kwanza aliitwa Joëlle, msichana mwenye akili aliyeshona nguo za shule kwa cherehani ya mkono. Mwaka wa tisini na tano alipata mchumba: Hénoc, fundi wa redio na televisheni kutoka Kambove, kijana mpole mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu. Alikuja Likasi kununua vipuri, akapita mbele ya cherehani, akaanza kuhitaji vipuri kila wiki. Yeye hakujua lolote kuhusu Mama Polepole. Mafundi hawaangalii televisheni. Wanaziangalia zikiwa zimefunguliwa mgongo. Alikula kwa Marceline, akashiba, akaomba aongezwe.

Mama yake Hénoc, Mama Eugénie, alikuwa mjane na mwanamke wa maombi, shemasi katika kanisa moja la uamsho pale Kambove. Hakuwa na televisheni, na jirani yake alikuwa na moja iliyokufa tangu miaka miwili. Hénoc, akiwa na furaha ya mtu aliyekubaliwa, akataka kumfanyia mama yake wema kabla ya kumpelekea habari. Akaitengeneza ile televisheni ya jirani. Siku ya Jumapili Mama Eugénie alialikwa kuiona ikiwaka. Siku ya Jumatatu Hénoc alimwonyesha picha ya Joëlle akiwa na wazazi wake.

Siku ya Jumatano mjomba wake Hénoc, mzee aitwaye Alexis, aliteremka Kikula na kukaa kwenye kiti cha Philippe huku akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Papa Joëlle," alianza, "mutoto yenu iko muzuri. Hatuna neno na mutoto."

"Muko na neno na nani?"

Mzee Alexis alitazama mlango wa jikoni, ambako Marceline alikuwa anasonga bukari.

"Dada yangu anasema hatatuma mutoto yake mu nyumba yenye iko na ile mama."

"Ile ni teatri!" alisema Philippe.

"Minye najua, papa. Minye nilimwambia. Anasema moto hautokake pasipo kuni, na macho ile haiwezi kuwa ya teatri." Akanyanyuka. Marceline alitoka na sahani ya bukari na samaki, akamkaribisha kwa sauti yake ileile. Mzee aliomba radhi kwa haraka, akasema amekula Kambove. Kutoka Kambove hadi kwetu ni safari ya nusu siku kwa baiskeli.

Joëlle hakumlaumu mama yake. Hilo ndilo lililomuumiza Marceline. Msichana alirudi kwenye cherehani, akashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akaifumua, akaishona tena vilevile.

Jumamosi Marceline alipanda lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu Kambove. Desturi haikumpa nafasi hiyo. Mambo ya ndoa hupitia kwa wajomba. Lakini alisema wajomba walishapita na waliona walichoona. Alivaa blauzi nyeupe ya kazini na kitenge cha kawaida, akabeba kikapu cha mahindi mabichi. Njiani dereva alimtazama kwenye kioo, akamtazama tena, na akampa kiti chote cha mbele.

Haya yaliyofuata aliyasimulia yeye na akayasimulia Mama Eugénie, na kwa bahati nzuri hawapishani sana.

Mama Eugénie alikuwa uani na wanawake wawili wa kanisa lake, wanasafisha lengalenga. Alipomwona mgeni alisimama, akasema "Bwana Yesu asifiwe" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Hata hivyo alimpa kigoda. Mgeni ni mgeni.

Marceline alikuwa amejiandaa kuwa mwema. Alikaa, akaweka kikapu chini, akauliza habari za nyumba, za afya, za marehemu mume. Mtoto mdogo wa jirani alisogea, naye akamshika mkono.

"Eh!" alisema Mama Eugénie. "Sawa vile. Sawa vile njo ulishikaka ule mutoto-mwanamuke mukono."

Marceline aliuachia mkono. Sahani ya mboga ilikuwa imechafuka ukingoni, na bila kufikiri, kwa mazoea ya mama yeyote, aliifuta kwa ncha ya kitenge chake.

Wanawake wa kanisa walinong'ona jina la Yesu.

Akajaribu kusifu lengalenga. Jumapili ile alikuwa ameisifu sombe kwa maneno yaleyale. Akajaribu kutabasamu, na mmoja wa wanawake akafumba macho. Hapo ndipo alipotambua, alivyoniambia baadaye, kwamba amefilisika. Mama Polepole hakuwa na ubaya wowote wa kwake. Alikuwa ameundwa kwa wema wote wa Marceline, mkono wake, sauti yake, jinsi ya kufuta sahani, na sasa kila wema aliotoa ulikuwa umeshaonekana Jumapili saa tisa ukifuatwa na kichupa.

"Mama," alisema polepole, na akajichukia kwa kusema polepole, "minye nilikuya juu ya batoto. Banapendana."

"Mutoto yangu anapenda," alijibu Mama Eugénie. "Yako, sijue. Mutoto wa muntu sawa weye anajifunza mapema. Pengine alishamutilia kitu. Pengine njo kile anapendea."

Basi ikatokea. Marceline alisimama kwa kishindo hata kigoda kikaanguka kikamgonga kisigino.

"Joëlle?" alipiga kelele. Ilikuwa kelele mbaya, iliyopasuka, isiyo na mpangilio, kama mlango wa chuma ulioshika kutu miaka kumi na tisa. "Joëlle wangu? Weye iko na wazimu! Ule mutoto anashona mpaka bidole binatoka damu, juu ya wadogo wake basome! Minye nalima! Nabeba maji! Nilisimama masaa tano ku kisima leo asubuhi! Kazi inaisha, bwana hana kazi, na weye unaniletea kichupa! Ile kichupa ni ya sirop ya kikohozi! Ndani ni chai! Chai ya baridi, hata sukari hakuna! Nani leo iko na sukari?"

Alilia. Hakulia kama walivyolia kwenye televisheni, machozi mawili na leso. Makamasi yalitoka, kilemba kikaangukia bega, akamtukana mama wa watu kwa Kibemba, lugha ambayo hakuwa ameitumia kwa hasira tangu utoto. Mtoto wa jirani alianza kulia naye. Watu walisimama kwenye ua wa nyuma. Marceline alitafuta leso, hakuipata, akajifuta kwa mkono wa blauzi nyeupe ya kampuni.

Mama Eugénie alimtazama kwa muda mrefu, kichwa upande, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili.

"Ule mwingine," alisema, "hapigake kelele."

"Nani?"

"Mama Polepole. Hata kidogo. Na hana makamasi." Akawageukia wanawake wa kanisa lake. "Munaona? Huyu ni muntu."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji. Marceline akanywa chote. Mama Eugénie alisimamisha kigoda, na akamwambia, kwa heshima ya mtu anayejua kazi za watu, kwamba tusi lile la Kibemba halitamkwi vile.

Lakini hakuwa mwanamke wa kutoa kitu bila sharti. Angekubali ndoa, alisema, ikiwa Mama Polepole angeokoka. Hakumtaka Marceline aokoke. Huyo alikuwa Mkatoliki na hapo hapakuwa na la kufanya. Alimtaka yule wa televisheni. Watu wa kanisa lake walikuwa wameshamwona, na hakuweza kuwaalika kwenye harusi ya mtoto wa mchawi ambaye hajatubu.

Marceline alipeleka sharti hilo kwa Octave akitegemea kufukuzwa. Octave alifikiri siku mbili. Alikuwa amechoka pia. Muuza samaki alikuwa ameshatiliwa sumu mara tisa. Basi wakaandaa mchezo wa toba. Askari jela alivaa kanzu, Mama Polepole akapiga magoti, akavunja kichupa kwa jiwe, akamkumbatia mke wa mwanawe. Marceline alilia vizuri sana. Alikuwa amejifunza Kambove.

Kambove walifurahi. Mama Eugénie aliimba mbele ya televisheni ya jirani. Likasi, hata hivyo, haikusamehe. Wiki iliyofuata Mama Polepole alipika sombe na ilikuwa sombe tu. Mtaa ulikaa uani unangoja kichupa hadi mwisho, na kichupa hakikutokea. Watu waliinuka wakinung'unika kwamba hata televisheni sasa inawaibia. Wiki ya tatu uani kwetu tulikuwa sita. Mtengenezaji wa sabuni akahamishia matangazo yake kwenye mechi za mpira, na kabla ya mvua kuanza mchezo ukaondolewa. Sokoni mwanamke mmoja, yuleyule ambaye miaka miwili hakugusa mkono wa Marceline, alimshika kanga na kumuuliza kwa uchungu: "Mama, juu ya nini ulikubali?"

Kundi lilitawanyika jinsi lilivyokusanyika. Gaston alikwenda kuchimba mawe na vijana wa umri wa wanawe. Octave alifungua mahali pa kupiga picha za vitambulisho, na mwaka wa tisini na saba, nchi ilipobadilisha jina na kila mtu akahitaji kitambulisho kipya, alipata kazi nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Marceline alianza kuuza unga sokoni Kikula. Aliuza vizuri. Waliokuwa wanamwogopa sasa walikuja kumtazama kwa huruma, kama mtu aliyewahi kuwa na cheo.

Harusi ilifungwa kwa padri asubuhi na kuombewa na kanisa la Kambove mchana, ili pande zote zipate haki yake. Hénoc na Joëlle wakaenda kuishi Kambove, kwenye chumba cha pili cha nyumba ya Mama Eugénie. Na hapo tu ndipo lilipoonekana jambo ambalo, katika mwaka mzima wa wajumbe na hofu na toba, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Wote tulikuwa tumeshughulika na mama wa bibi harusi. Mama mkwe ambaye angeishi na Joëlle, apike naye kwenye moto mmoja na kulala ukuta kwa ukuta naye, alikuwa Eugénie.

Hakuwa mtu mbaya. Alifunua tu masufuria. Alipita nyuma ya Joëlle jikoni na kufunua kila sufuria, akaonja, akaongeza chumvi, akasema mwanawe tangu utotoni hapendi vitunguu. Alimfulia Hénoc shati ambalo mkewe alikuwa amelifua jana. Usiku alimwombea mkazamwana wake kwa sauti, akitaja kasoro zake moja baada ya nyingine ili Mungu asikosee.

Joëlle alivumilia miezi minane. Siku moja alishuka kwenye lori la mkaa mbele ya meza ya mama yake sokoni, tumbo limeshakuwa kubwa, akakaa juu ya gunia la unga na kueleza yote bila kupumua. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kununua unga.

Marceline alimsikiliza hadi mwisho, jinsi alivyowasikiliza watu maisha yake yote. Halafu alimpimia mteja mmoja, akafunga mfuko, akampa. Ilionekana anatafuta neno la hekima.

"Unakula vizuri kule?" aliuliza mwishowe.

"Anapika muzuri sana," alisema Joëlle, na akaanza kulia. "Hiyo njo mubaya. Anapika muzuri kunipita."

Marceline akamsogezea kigoda miguuni apumzishe miguu iliyovimba, na wakakaa hivyo wote wawili, wakiuza unga, mpaka lori la kurudi Kambove lilipopiga honi.